Mwanangu Yuko Hewani

Nyumbani, nyuma ya mlima
4 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ni magoti tu yanayoleta ubishi. Cherehani ni nzima pia. Dada yako yupo, bado anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake juu ya meza yangu ya kukatia nguo, na wino wake mwekundu umeshachafua mashuka mawili ya wateja.

Sasa sikia. Jana lilipita gari lenye kipaza sauti likitangaza kwamba redio yenu inaongeza eneo la usikivu, na kufikia mwezi wa nne itasikika mpaka huku kwetu. Mwanangu, niliacha pedali nikasimama, tena bila kushika ukuta! Mwaka wa pili huu tangu uliponiandikia kwa mkono wako: "Mama, nimepata kazi redioni, na siku hizi kuanzia saa mbili asubuhi nipo hewani." Barua hiyo naiweka kwenye kopo la vifungo. Nimewasomea wanawake wa hapa kibarazani mpaka imechanika kwenye mikunjo. Lakini kukusikia, hatujakusikia. Nikifungua redio ni shiii, kutwa shiii.

Unamjua Mama Rubani, jirani yangu wa mlango wa bluu. Tangu mwanawe apate kazi kwenye uwanja wa ndege hatupumui. Asubuhi "mwanangu yuko hewani", jioni "mwanangu yuko hewani". Ulipoandika nami nikapata cha kusema: wake yuko hewani, wangu yuko hewani. Akanijibu mbele za watu, "Wako mbona hasikiki?" Nikamwambia, "Na wako mbona haonekani?" Hatukusalimiana wiki mbili.

Basi siku yake inakuja. Nimenunua redio mpya na kuishonea kifuniko. Wewe niambie tu kama bado unaanza saa mbili asubuhi, niwaite watu.

Mama yako

Nijibu kwa barua. Simu huku inashika juu ya tangi la maji la shule tu, na kwa magoti haya sipandi.


Kituo cha redio, chumba cha mitambo
11 Februari

Dada, shikamoo.

Barua hii isome peke yako, kisha uichane vipande vidogo sana. Ikiwezekana vitie kwenye chai uvinywe.

Nimekwisha. Mimi si mtangazaji. Sijawahi kuigusa maikrofoni hata kwa kuifuta vumbi, maana mfuta vumbi ni mtu mwingine. Mimi ni fundi mitambo. Mnara wetu una mita sitini. Ninaupanda saa mbili asubuhi kabla jua halijachoma vyuma, ninakaza bolti, ninakagua nyaya, ninashuka. Siku nilipoandika "nipo hewani" nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka, nikaona ni mzaha mzuri. Hewani, dada! Juu, kwenye hewa! Mama akanijibu kurasa nne za furaha. Nikasema nitamsahihisha barua ijayo. Barua ijayo akaniambia ameshawatangazia wanawake wote. Nikasema basi, ijayo tena. Ndiyo maana sijaja nyumbani miaka miwili. Nikija, wakaniambia "hebu tutangazie kidogo", nitaficha wapi uso?

Mlima ulikuwa unanisitiri. Mawimbi ya FM hayajui kukata kona. Yakikutana na mlima yanaishia hapo, na nyie mmekaa kwenye kivuli chake. Sasa tunajenga mnara mdogo juu ya mlima huohuo, upokee matangazo na kuyamwaga upande wenu. Na unajua nani amepewa kazi ya kufunga antena? Mimi.

Nimewaza hivi. Nikiigeuza antena nyuzi ishirini tu, watu wa bondeni watasikia vizuri, na mtaa wetu utabaki na shiii yake. Hakuna atakayejua. Au wewe ulegeze kiwaya kimoja ndani ya redio ya mama, kimoja tu. Nishauri.

Mdogo wako


Shuleni
19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeichana. Kwenye chai sikuitia, chai yenyewe haina kosa.

Kiwaya silegezi. Na antena usithubutu. Hapa zahanati ikitaka kutangaza siku ya chanjo, hutuma mtu apite na kengele, na nusu ya akina mama hudhani ni muuza mafuta ya taa. Mwezi uliopita watoto kumi na wanne wa darasa la kwanza walikosa chanjo kwa sababu hiyo. Sasa uwanyime watu redio kwa kuwa unamwogopa mwanamke wa kilo hamsini mwenye magoti mabovu?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako ilikuwa inaishia mlimani, na sasa unaijengea mnara mwenyewe. Mwandikie ukweli. Mimi sitasema kitu, uongo si wangu. Ila nakuonya: ameshashona vitambaa vya kichwa sita vya rangi moja, vya kuvaa siku ya kukusikiliza. Cha Mama Rubani amekikata kidogo kwa makusudi ili kimbane.

Dada yako


Kituo cha redio
28 Februari

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Barua nimeipata, na habari za redio mpya nimezipokea kwa mikono miwili. Ila kuna mambo ya kitaalamu inafaa uyajue mapema. Sauti ikivuka mlima hubadilika. Inaweza kuingia nyembamba ikatoka nene, hiyo ni fizikia. Halafu watangazaji hatutumii majina yetu, hujipachika majina ya kazi. Saa nazo hazitabiriki. Pengine ni saa kumi jioni, pengine siku hiyo si mimi. Na redio mpya, mama, zikisikilizwa sana zinachoka.

Kuna jambo jingine nilitaka kukuambia, lakini gari la posta ndilo hilo linaondoka.

Mwanao


Nyumbani
8 Aprili

Mwanangu, imeshika!

Jana saa kumi kasoro dakika kumi redio ilikuwa kwenye shiii yake ya siku zote. Mara ikakohoa, ikatulia, na mtu akaongea humu dukani, waziwazi, kama amekaa kwenye kiti cha wateja. Binti wa genge la mboga aliangusha mkasi wangu. Saa kumi kamili ukaingia wewe: "Ni mimi Chiriku, chiriku wenu wa saa kumi!" Jina hilo nimelipenda, maana utotoni ulikuwa huongei mpaka ufinywe.

Uliyosema ni kweli, mlima umeibadilisha sauti. Imekuwa nene kama ya marehemu babu yako. Nilifumba macho nikaitafuta yako humo ndani. Nadhani niliipata kidogo uliposema "asanteni".

Sasa maoni yangu. Unacheka sana, hata pasipo na cha kuchekesha. Lile tangazo la dawa ya fangasi wa miguu umelisoma kwa uchungu mno, mpaka Mama Rubani akaniuliza kama unao. Na umesalimia madereva, umesalimia wauguzi, umemsalimia hadi mtu aliyepotelewa na mbuzi, lakini aliyekuzaa hukumsalimia. Wanawake sita na vitambaa vyao walikuwa wananitazama mimi, hawaitazami redio. Nimewaambia utaratibu wa kazi haukuruhusu. Kesho usisahau.

Mama yako, msikilizaji wako wa kwanza


Nyumbani
22 Aprili

Kwako wewe yatima,

Salamu sitoi, marehemu hawasalimii.

Siku kumi na nne nimekaa na sikio kwenye redio nikingoja unitaje. Jana umenitaja. Saa kumi na dakika ishirini, mbele ya wanawake sita na fundi viatu aliyekuja kuchukua suruali yake, umesema kwa mdomo wako: "Mimi mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba, nimelelewa na bibi." Kisha ukaweka muziki!

Nilikuwa nakata mkono wa gauni la bibi harusi. Nimeukata mpaka begani.

Fundi viatu alivua kofia kwa heshima, akanitazama, akaivaa tena, hakujua afanye lipi. Mama Rubani alikwenda kwake, akarudi na kilo ya sukari. "Pole jirani," akasema, "nimesikia umefariki." Walicheka wote, mwanangu. Na mimi nilicheka. Halafu nikaingia chumba cha ndani nikafunga mlango.

Nimekukosea nini? Kama ushonaji wangu unakutia haya, sema. Kama mama za watangazaji wenzako wana magari, sema. Lakini kuniua, tena saa kumi, saa ambayo kila mtu anasikiliza! Na huyo bibi aliyekulea ni yupi? Mama mkwe wangu hakukubeba hata dakika tano, alisema unamlowesha.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe hutaujua. Redio nimeifunika.

Aliyekuwa mama yako


(Katika bahasha hiyohiyo, karatasi iliyochanwa kwenye daftari)

Mdogo wangu,

Mama ameniambia nibandike stempu, hakuniambia nisiongeze karatasi.

Nimevunja ahadi yangu, nimemwambia Chiriku si wewe. Amenijibu, "Usimtetee." Kwa hiyo umebaki wewe. Tangu jana hajakanyaga pedali. Baba alipofariki cherehani ilinyamaza siku tatu tu, na kila mtu wa hapa anakumbuka kimya kile. Ifikapo tarehe tano bila barua yako, nitapanda tangi la maji nikupigie simu, na nitakayosema yatakufikia hata bila mnara.

Dada yako


Kituo cha redio
26 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tafadhali usiichane kabla hujafika mwisho.

Aliyesema mama yake amefariki ni Chiriku, na mama yake kweli amefariki. Chiriku ni mtu mwingine. Ana kitambi, ana watoto watano, na fangasi anao. Mimi si mtangazaji na sijawahi kuwa. Mimi ni fundi mitambo, mpanda mnara. Siku ile nilipoandika nipo hewani nilikuwa nimetoka juu mita sitini, nikakuandikia mzaha. Wewe ukaupokea kwa furaha kubwa mno, nami nikakosa ushujaa wa kukunyang'anya. Mlima haubadilishi sauti. Ile fizikia niliitunga.

Kuna jingine, heri niliseme lote. Siku ya kufunga antena ya huko mlimani, kwanza niliielekeza pembeni ili msisikie. Nikabaki nimening'inia pale na spana mkononi. Kutoka juu mtaa wetu unaonekana wote. Nikalitambua paa letu kwa lile tairi ulilowekea bati lisipeperuke. Nikasema, yule yuko chini pale, ameshavaa kitambaa, anangoja. Nikalegeza bolti, nikaigeuza antena mpaka ikalitazama tairi. Ndiyo maana mnasikia vizuri kuliko mtaa mwingine wowote.

Kile kikohozi cha redio saa kumi kasoro dakika kumi, mama, ni mimi. Nilikuwa nawasha mtambo. Ni hicho tu nilichowahi kukutangazia.

Sina mama mwingine na sitaki mwingine. Nisamehe.

Mwanao, fundi mitambo


Nyumbani
5 Mei

Mwanangu mwongo,

Barua nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Ya pili nilicheka mpaka dada yako akaja kuchungulia. Ya tatu nikaliona neno mita sitini. Mita sitini! Kitambaa cha mita sitini kikitandazwa kutoka hapa kinafika zahanati, na wewe unakipanda kikiwa kimesimama? Una mkanda wa kujifungia? Huo mkanda nani kaushona? Niletee niukague mshono. Heri ungekuwa mtangazaji kweli, yeye akianguka anaanguka kutoka kitini tu.

Halafu ulikuwa juu ya mlima wetu, ukaliona tairi letu, na hukushuka kunywa chai. Hilo sijalisamehe. Mengine yamekwisha.

Nami nikuambie langu. Masikio yangu yalimkataa yule Chiriku tangu siku ya kwanza, ni mimi niliyeyalazimisha. Nilitaka kukusikia, mwanangu. Mtu akiwa na kiu haulizi maji yametoka wapi.

Sasa kuna tatizo. Nimewakusanya kibarazani nikawaeleza ukweli wote, na hakuna aliyeuamini! Uongo waliuamini miaka miwili, ukweli wameukataa kabla sijamaliza sentensi. Binti wa genge anasema nimetunga kwa sababu ya aibu ya kufishwa hewani. Mama Rubani kasema, "Jana mtangazaji, leo fundi, kesho utatuambia mlima ni wake." Damu ikanipanda. Nikawaambia: Jumamosi tarehe 24, saa kumi na robo, Chiriku akiwa katikati ya maneno yake, mwanangu ataizima hiyo redio.

Nimeshasema. Maji yakimwagika hayazoleki. Dakika moja tu inatosha.

Mama yako, niliye hai


Kituo cha redio
12 Mei

Kwa Meneja wa Mitambo

YAH: OMBI LA KUZIMA MTAMBO WA MLIMANI KWA DAKIKA MOJA

Somo la hapo juu lahusika. Naomba ruhusa ya kupanda mlimani na kuzima mtambo mnamo Jumamosi tarehe 24 Mei, saa kumi na robo jioni, kwa dakika moja, kwa madhumuni ya kuhakiki utambuzi wa chanzo cha usikivu miongoni mwa wasikilizaji wa nyuma ya mlima. Natanguliza shukrani.

Fundi Mitambo

(Chini yake, kwa kalamu ya meneja)

Miaka ishirini na mbili niko kwenye mitambo, sijawahi kusikia "utambuzi wa chanzo". Njoo ofisini uniambie ukweli.

(Chini zaidi, kalamu ileile)

Nimeruhusu. Dakika moja, isizidi. Chiriku asiambiwe, ana kelele. Mama yangu naye anaamini mimi ndiye mwenye kituo.


Nyumbani
24 Mei, saa kumi na moja jioni

Mwanangu,

Naandika sasa hivi, kabla sijasahau hata chembe.

Saa kumi kibaraza kilikuwa kimejaa. Walikuja wote sita na vitambaa, fundi viatu akaja na stuli yake, na muuguzi wa zahanati akasimama mlangoni. Mama Rubani alikuja na saa ya ukutani, ameing'oa kwake na msumari wake, akaipakata. Nilikuwa na hofu, sikufichi. Nilisema moyoni, ikifika na robo huyu Chiriku akaendelea kucheka, mimi nitahama mtaa.

Ikafika na dakika kumi na nne. Ikatimu na robo, yeye yumo kwenye tangazo lake la kila siku: "Ukiona vidole vyako vina—" Shiii!

Shiii ileile, mwanangu. Miaka miwili nimeichukia, nimeipiga kofi, nimeigeuzia uso. Leo nimeisikiliza mkono uko kifuani. Mama Rubani alikuwa anahesabu kwa sauti, na kadiri alivyohesabu ndivyo sauti ilivyompungua. Alipofika hamsini na tisa, redio ikakohoa. Nikaruka nikasema, "Huyo! Huyo ndiye mwanangu!" Chiriku akarudi, hana habari, yuko kwenye bei ya dawa. Fundi viatu akavua kofia, safari hii hakuivaa tena. Nimekusikiliza wiki mbili ukiwa mtu mwingine, lakini kipindi chako kizuri ni hiki cha leo.

Wengine wameondoka. Mama Rubani amebaki, amekaa hapa kwenye kiti cha wateja na saa yake mapajani. Tulipokuwa wawili ameniambia jambo, nawe likae hapohapo. Mwanawe anapakia mizigo. Hajapanda ndege hata siku moja. Alimwandikia tu, "Mama, nafanya kazi na ndege," yeye akamalizia mwenyewe. "Kumbe kati ya wote wawili," kasema, "aliye hewani kweli ni wako peke yake." Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo miaka miwili, na imenijia sina hamu nayo. Nimemwambia ndege bila mizigo ni bati tu. Kisha nimekichukua kitambaa chake nikiachie pindo. Kilikuwa kinambana.

Barua hii sidhani kama nitaiposti. Dirishani kuna mtu anashuka mlima, ana kofia ngumu ya njano na mkanda begani, na anakimbia mahali ambapo utotoni nilimkataza asikimbie. Chai nimeshainjika. Mama Rubani amesimama, anakunja macho, ananiuliza, "Nani yule?"

Nimemwambia, "Mwanangu. Ametoka hewani."

Mama yako